Nimepewa ukurugenzi wa programu ya ubingwa, nichukue mafunzo yapi ya uongozi?

Daktari_Mgeni
Heshima kwenu wakuu.

Miezi minane iliyopita nilikabidhiwa ukurugenzi wa programu ya ubingwa wa magonjwa ya ndani. Aliyekuwepo alistaafu, na kwa kuwa nilisifika kwa kufundisha vizuri kwenye raundi, nikateuliwa. Makabidhiano yalikuwa faili moja na ufunguo wa kabati.

Kutibu naweza, kufundisha naweza. Kinachonishinda ni watu. Nina rezidenti (daktari anayesomea ubingwa) wa mwaka wa pili ambaye kila bingwa nikikutana naye koridoni ananiambia "yule kijana bado sana", lakini nikifungua fomu zake za tathmini, zote zimeandikwa "vizuri". Nina bingwa mwandamizi anayewafokea marezidenti mbele ya wagonjwa, na ndiye aliyenifundisha mimi. Nikisimama mbele yake najikuta nimerudi kuwa mwanafunzi, mikono nyuma. Tena, tangu niwaambie marezidenti waripoti makosa ya dawa bila woga, ripoti zimeongezeka na mkuu wa idara ananitazama kwa jicho la pembeni.

Hospitali itanilipia mafunzo ya aina moja tu. Kuna ya siku tatu mfululizo, wakufunzi wenye majina, cheti kizuri. Kuna ya miezi kumi, siku moja kila mwezi, unakaa na wakurugenzi wa programu nyingine, unapewa mlezi, na lazima ufanye mradi kazini kwako. Haya ya pili yananitisha kwa muda. Mke wangu ana chaguo la tatu: nirudishe ufunguo wa kabati.

Mngekuwa ninyi mngechukua yapi?

Raundi_ya_Alfajiri
Dokta, usijisumbue. Nilikalia kiti hicho miaka tisa, semina nimehudhuria hadi nikachoka, na sikumbuki hata moja. Uongozi utaujua ukishaungua. Chukua hizo siku tatu, pumzika, rudi kazini.

Kalamu_Nyekundu
Mzee wangu Raundi, kwa heshima: rezidenti akikuambia kuweka mrija wa kifua atajua akishaharibu vifua viwili vitatu, utamruhusu? Mbona mkurugenzi tunamtupa majini?

Kanada, mfumo wao wa CanMEDS, unaoeleza sifa anazotakiwa kuwa nazo daktari, ulimtaka bingwa awe, pamoja na mengine, "meneja". Toleo la 2015 likaliondoa neno hilo na kuweka "kiongozi". Maana yake hata rezidenti anatakiwa afundishwe uongozi. Na nani, kama mkurugenzi wake mwenyewe hana?

Waulize waandaaji wa pande zote mbili: mnajuaje kama mafunzo yenu yamefaa? Donald Kirkpatrick, Mmarekani aliyebobea katika kutathmini mafunzo, aliyapanga matokeo ya mafunzo katika ngazi nne: watu wameyapenda? Wamejifunza? Wamebadilika kazini? Kazi yenyewe imebadilika? Wengi huishia ngazi ya kwanza, ile fomu ya kusema ukumbi ulikuwa mzuri. Ya miezi kumi yana mradi, angalau wanaijaribu ya tatu.

Mratibu_Kimya
Mimi si daktari, ni mratibu wa programu. Fomu zote hupita mikononi mwangu. Nikupe siri ya hizo "vizuri" zako. Bingwa anajaza fomu sita kwa mkupuo, wiki tatu baada ya rezidenti kuondoka wodini, nami nimesimama mlangoni nazisubiri. Tena anajua akiandika "hajafikia" ataitwa vikaoni na kudaiwa ushahidi. Akiandika "vizuri" hakuna atakayemuuliza.

Sisi tuliunda kamati ya watu watano. Kila miezi mitatu tunamjadili rezidenti mmoja mmoja, na swali ni hili: "Usiku wa leo, ungemwachia wodi peke yake ukaenda kulala?" Yule mtu wa "vizuri" utamwona anajikuna kichwa. Wazo la kupima kwa kiasi unachomwamini mtu na kazi liliandikwa na Mholanzi Olle ten Cate, mtaalamu wa elimu ya udaktari, mwaka 2005. Mimi nililopenda ni kwamba sababu zinaandikwa siku hiyohiyo, na rezidenti anaambiwa wakati bado kuna muda wa kumsaidia.

Zamu_ya_Usiku
Naandika kama rezidenti. Huyo kijana, kuna mtu amemwambia? Mwenzetu mmoja aligundua kuwa ni "bado sana" akiwa mwaka wa mwisho. Miaka yote hiyo alikuwa akisoma "vizuri" kama ninyi.

Na ripoti za makosa msizizime, tafadhali.

Kalamu_Nyekundu
Hapo Zamu yuko sahihi. Miaka ya 1990 mtafiti Amy Edmondson alichunguza timu za hospitali Marekani akitarajia timu bora ziwe na makosa machache. Akakuta zilizoongozwa vizuri ndizo zilizoripoti mengi zaidi, kwa kuwa watu hawakuogopa kusema. Mpelekee mkuu wako hilo, pamoja na orodha ya makosa yaliyonaswa kabla ya kumfikia mgonjwa. Orodha ndiyo itakayomtuliza.

Raundi_ya_Alfajiri
Haya, mrija wa kifua umenipata. Ila kwa huyo mwandamizi, nisikilize mimi. Usimwendee na "watu wanalalamika". Atakuuliza watu gani, utakwama. Mwendee na tukio moja uliloliona kwa macho yako: siku gani, kitanda gani, mgonjwa alifanya nini wakati yeye anafoka. Iwe ofisini kwake, mlango umefungwa. Mpe heshima yake yote, sema, kisha nyamaza.

Wa kwangu alikaa kimya, halafu akaniambia, "Hata mimi nilifokewa hivyohivyo." Aliacha kufoka wodini, akahamia koridoni. Kumtoa koridoni kulichukua mwaka mwingine na ilibidi mkuu wa idara aingie kati, maana mkurugenzi unabebeshwa programu nzima ila mabingwa si wewe unayewaajiri.

Daktari_Mgeni
Nimesoma yote mara mbili. Nachukua ya miezi kumi, na kamati ndiyo itakuwa mradi wangu. Kijana nimemwita kesho mchana, na sitasubiri kamati. Kwa mwandamizi ni Jumatatu, siku na kitanda nimeshaandika.

Mratibu, swali moja: mtu kama huyo kwenye kamati mlimweka ndani au nje?

Mratibu_Kimya
Ndani. Anayefoka ndiye aliyekuwepo wodini kuwaona. Ila asiwe mwenyekiti, na asizungumze wa kwanza.