Far Cry 2 imepewa alama 4 kati ya 10: naitetea kwa hoja zipi?

Zabibu_Makutupora
Wakuu, salaam. Kwenye magrupu ya gemu ya hapa Dodoma unazunguka uchambuzi ulioipa Far Cry 2 alama 4 kati ya 10. Hoja zake ni nne: bunduki zinakwama, kwa hiyo gemu ni mbovu, malaria ni kero isiyo na kazi, vizuizi vya barabarani ukivisafisha vinajaa maadui tena, na eti hii si "mbili" ya kweli kwa kuwa Jack Carver, mhusika mkuu wa Far Cry ya kwanza, hayumo. Jumamosi kuna mjadala kwenye kibanda cha gemu Area C. PS3 itakuwepo, na kila upande una dakika 20 za kuonyesha kwa vitendo. Nianzie wapi, na ni wapi nikubali kwamba mchambuzi kasema kweli?

Fundi_Nkuhungu
Mkuu, anza na Jack Carver, hiyo inaisha haraka. Far Cry ya 2004 ilitengenezwa na Crytek. Mwaka 2006 Ubisoft ikachukua haki zote za jina hilo, na Crytek wakaenda kutoa Crysis. Far Cry 2 ikasukwa na Ubisoft Montreal chini ya Clint Hocking, ikatoka Oktoba 2008 ikiwa na nchi nyingine, wahusika wengine na injini mpya (programu inayoiendesha gemu) inayoitwa Dunia, jina ambalo sisi hatuhitaji kutafsiriwa. Kilichorithiwa ni uwanja mpana na uhuru wa kuchagua unashambulia kutokea upande gani. Kudai Jack na mazimwi ya visiwani ni kuipima gemu kwa kitu ambacho haikukusudia kuwa.

Kwenye bunduki tulia, maana hapo ndipo mchambuzi kaionea zaidi. Yeye kaokota silaha za maadui waliokufa, kapigana nazo, kisha kalaumu gemu. Silaha ya kuokota ni chakavu tangu unapoishika. Itazame kwa karibu: chuma kina kutu, rangi imechubuka. Kila risasi inaichosha zaidi, inaanza kukwama katikati ya mapigano, na usipoiacha inakufia mkononi. Dawa yake iko dukani kwa muuza silaha. Unalipa almasi mara moja tu kwa kila aina, halafu ghala lililo jirani na duka linakupa mpya ya aina hiyo bure kila unaporudi. Pale pale kuna vitabu vya mwongozo. Nunua cha uimara kabla ya cha kulenga. Jumamosi fyatua magazini kadhaa kwa bunduki ya kutu, kisha fanya vilevile kwa mpya kutoka ghalani. Usiseme kitu, waache watazame.

Halafu moto, ambao mchambuzi hakuugusa hata kwa sentensi moja! Moto wa gemu hii unafuata upepo na ukavu wa nyasi. Tafuta kizuizi kilichozungukwa na nyasi za manjano, tazama majani yanalalia wapi, simama upande upepo unakotoka, rusha chupa ya petroli kwenye nyasi mbele yako. Moto utatambaa wenyewe hadi kwenye marundo ya risasi, nayo yatalipuka. Wengi wanakosea kwa kusimama upande unakoelekea upepo, wanaungua, kisha wanasema gemu haina haki. Mtu yeyote wa huku aliyewahi kuona shamba likichomwa mwezi wa tisa bila kufyekwa mpaka analijua hilo. Na hauwaki milele. Ukikosa nyasi za kula, unazima.

Dawa_ya_Mseto
Naongezea la malaria. Gemu inaanza na safari ya teksi, unazidiwa na homa, unazinduka kitandani hotelini mjini Pala, na aliyesimama mbele yako ni The Jackal, yule muuza silaha uliyetumwa kumuua. Bila malaria tukio hilo halipo. Baadaye vidonge vinapokwisha hupati duka la kuvinunua: unawapelekea raia waliojificha hati za kusafiria, nao wanakupa dawa. Mamluki aliyekuja kuua anajikuta anawategemea watu wanaokimbia vita. Hiyo si kero isiyo na kazi, ndiyo kamba inayomfunga kwa raia.

Ila usiitetee kama somo la tiba. Kumeza kidonge kimoja kila homa inapopanda siyo matibabu. Dozi ya mtu mzima ya ALu, dawa mseto ya malaria, ni vidonge vinne mara sita kwa siku tatu, 24 jumla, na unaimaliza hata ukijisikia nafuu. Hapo mpinzani akikubana, kubali.

Kongwa_Kwetu
Kubali na la vizuizi. Kweli vinajaa tena ukishaondoka eneo lile, na ukipita kwa gari wanakufukuza. Hilo ni kosa la muundo, tusilipake rangi. Lakini mchambuzi angesema pia kwamba ramani zote mbili zina vituo vya basi kwenye kona nne na kimoja katikati, na kwamba mto unapitika kwa boti. Aliyekata kila safari kwa barabara kuu amejitafutia vita.

Kuna dosari kubwa zaidi ambayo uchambuzi wao umeikosa: nchi yenyewe haina jina la kweli, na njiani huoni mama muuza nyanya wala mtoto wa shule, ni wenye bunduki tupu. Raia wamefichwa ndani ya nyumba chache. Mimi naipenda gemu hii, na hilo linaniudhi kila mara. Liseme wewe kwanza, watakuamini kwenye mengine.

Zabibu_Makutupora
Asanteni sana wakuu. Dakika 20 zitatosha moto na bunduki vyote?

Fundi_Nkuhungu
Zitatosha ukiandaa sevu mapema. Kwenye PS3 unasevu kwenye nyumba za kujificha, siyo popote kama kwenye kompyuta, kwa hiyo andaa mbili: moja kwenye nyumba iliyo karibu na duka la silaha ukiwa na bunduki ya kutu mkononi na almasi za kutosha, nyingine karibu na kizuizi chenye nyasi kavu, uwe na chupa za petroli. Usichague kizuizi cha msituni penye majani mabichi, moto utakuaibisha. Na kila ukipakia sevu upya tazama upepo tena kabla ya kurusha.