Feni zinazunguka, taa inawaka, monita nyeusi tii. Nianzie wapi?

mzizi_mkavu:
Wakuu, habari za jioni. Nina desktop ya mtumba, i5 ya kizazi cha pili, RAM ya DDR3 vipande viwili vya GB 4. Umeme ulikatika ikiwa imewashwa. Uliporudi nikaiwasha: feni zinazunguka, ila monita haipati chochote, na taa ya Num Lock kwenye kibodi haiitikii. Fundi wa mtaani anasema ninunue pawa saplai mpya, halafu apige Windows upya. Nikubali?

pini24:
Usikubali bado, mkuu. Windows inakaa kwenye diski (hard disk), na mashine yako haijafika huko. BIOS, yaani programu ndogo iliyo kwenye madabodi (bodi kuu), hukagua kwanza prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda) na picha. Num Lock isipoitikia, ujue ukaguzi umekwama njiani. Ukipiga Windows sasa hivi utaambulia kupoteza mafaili tu.

Kama kuna kadi ya picha ya kuchomeka, kebo ya monita iwe kwenye kadi, si kwenye tundu la madabodi. Kisha tuambie: inalia? Taa ya swichi inamulika mara ngapi kabla ya kupumzika? Kila kampuni ina hesabu zake. Kwa HP Compaq 6200 na 8200, nyekundu mara 2 ni joto, 4 ni umeme, 5 ni RAM, 6 ni picha. Milio hunyamaza baada ya mzunguko wa tano lakini taa huendelea, kwa hiyo hesabu taa.

mzizi_mkavu:
Nyekundu, mara 5, na milio 5. Kumbe ni hiyo hiyo 8200.

pini24:
Basi anza na RAM. Chomoa waya wa umeme ukutani, halafu bonyeza swichi ya kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Waya ukiwa umechomekwa, madabodi ina volti 5 hata kama mashine imezimwa, na kuchomoa RAM katika hali hiyo kunaweza kuiua.

Toa vipande vyote viwili. Sugua meno ya dhahabu taratibu kwa raba nyeupe ya kufutia penseli, pande zote mbili, kisha pangusa vumbi la raba. Msasa hapana: dhahabu yenyewe ni utando mwembamba mno, ukiubandua shaba iliyo chini itashika kutu. Tundu lipulize kwa blowa. Mdomo unaingiza mate.

Rudisha kipande kimoja tu, ukandamize mpaka klipi za pembeni zijifunge zenyewe. Baadhi ya madabodi hutaka tundu fulani lijazwe kwanza. Angalia mchoro ndani ya mfuniko. Jaribu kipande cha kwanza, kisha cha pili kwenye tundu lile lile. Kimoja kikikubali na kingine kikigoma, kilichogoma kimekufa. Vyote vikigoma hapo lakini vikakubali tundu la jirani, tundu ndilo bovu.

volti_kamili:
Naongezea kuhusu saplai, maana feni kuzunguka hakuthibitishi kwamba ni nzima. Feni inatumia volti 12 tu. Pima kwa mita mashine ikiwa imewashwa, ncha nyeusi kwenye waya mweusi: njano isomeke 11.4 hadi 12.6, nyekundu 4.75 hadi 5.25, chungwa 3.14 hadi 3.47. Nje ya hapo, badilisha. Boksi la saplai usilifungue: kapasita za ndani hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya.

RAM zote zikigoma, waya ukiwa umechomolewa bonyeza kitufe cha njano cha CMOS (inapokaa mipangilio ya BIOS) kwenye madabodi kwa sekunde 5. Ila hapo mipangilio yote ya BIOS inafutika. Ukiona skrini ya bluu yenye 0x0000007B baadaye, Windows haijafa. Ndani ya BIOS, rudisha tu SATA (njia ya kuunganisha diski) kwenye hali iliyokuwepo, AHCI, RAID au IDE. Wengi hupigiwa Windows bure kwa kosa hili.

mzizi_mkavu:
Imewaka! Kipande kimoja kinakubali matundu yote, kingine kinagoma kote hata baada ya raba. Ninunue RAM gani?

pini24:
DDR3 ya desktop, pini 240, volti 1.5, kasi ya PC3-10600, GB 4. DDR4 haitaingia, pengo lake liko kwingine. Angalia pia usiuziwe ya seva: lebo ikiandikwa 10600R, hiyo R ni ya seva, inaingia kwenye tundu vizuri kabisa lakini mashine haitawaka. Nenda na kile kipande kizima ukalinganishe lebo, na mwambie muuzaji aijaribu kwenye mashine kabla hujalipa.