Kontroli hasi imewaka Ct 36: nitoe matokeo au nirudie?

Pipeti_Ndogo:
Wakubwa wa maabara, shikamooni. Nipo maabara ya mifugo mkoani, tunapima mafua ya ndege kwa PCR (kipimo kinachonakili vinasaba mara nyingi hadi vionekane) ya jeni M, ile iliyo kwenye virusi vyote vya mafua ya aina A. Swabu za koo na kloaka (tundu la haja) zinatoka soko la kuku, tano tano kwenye chupa moja. Juzi kontroli hasi (kichupa kisicho na kirusi, kinachotakiwa kibaki kimya) niliyoanza nayo kwenye hatua ya kutoa RNA, vinasaba vya kirusi, imewaka Ct 36.4, yaani mzunguko wa 36 hivi wa kunakili; Ct ikiwa ndogo, kirusi ni kingi. Ile ya maji matupu niliyoiweka mwishoni kwenye sahani ni safi kabisa. Chupa mbili zimetoa Ct 35 na ushee, zilizobaki kimya. Bosi anasema hizo ni kelele tu, niandike zote hasi, mkoa unasubiri ripoti. Nifanyeje? Zile zilizokaa kimya angalau niziandike?

Mzee wa Friza:
Marahaba, mwanangu. Usiandike chochote. Maji ya kwenye sahani yangewaka, ningeshuku praima (vipande vifupi vya vinasaba vinavyomtafuta kirusi) au meza ya kuandalia mchanganyiko. Hayakuwaka. Basi uchafu umeingia wakati wa kutoa RNA: tipu zisizo na chujio, bafa (kimiminika cha kutolea RNA) iliyoachwa wazi, au glavu zilezile zilizoshika kichupa cha kontroli chanya, kile chenye RNA ya kirusi kinachotakiwa kuwaka.

Tena hiyo chanya yenu inawaka kwa Ct ngapi? Watu wanapenda ya 18 kwa sababu inapendeza kwenye skrini. Chanya kali hivyo huwaka hata kimeng'enya kikiwa nusu mfu, nawe unajiona kipimo kizima. Ikidondoka tone, benchi zima limeoga. Izimueni hadi 28 au 30, hapo ndipo utaona kipimo kikianza kulegea.

Ukirudia, RNA ile iache. Rudi kwenye chupa ya asili, ile iliyo kwenye friza ya nyuzi hasi 80, utoe upya, na kontroli hasi ziwe zaidi ya moja, zichanganye katikati ya sampuli. Zile mbili zikiwaka tena na kontroli zote zikawa safi, hizo si kelele: pima H5 na H7, zile aina zinazoweza kuwa kali, na watu warudi sokoni wachukue swabu ndege mmoja mmoja. Bosi mpe karatasi yenye neno "batili". Batili na hasi ni vitu viwili.

Bint Mfugaji:
Naongezea kwenye zilizokaa kimya. Kontroli ya ndani (ile inayotakiwa kuwaka ndani ya kila sampuli kuonyesha kipimo kimefanya kazi) mnayo? Kinyesi cha kuku kina vitu vinavyozuia PCR, na swabu za pamba zenye kijiti cha mti huzuia pia. Tumieni za polyester, kijiti cha plastiki. Kontroli ya ndani isipowaka, kimya hicho hakina maana yoyote.

Mzee wa Friza:
Kweli kabisa, binti. Halafu M ikiwaka, H5 na H7 zikakataa, msifunge faili. H9N2, aina nyingine ya mafua ya ndege, imeshaonekana kwenye kuku Uganda na Kenya. Na praima za H5 hupitwa na wakati, kirusi kinabadilika. Januari 2017 H5N8 iliua ndege wa porini karibu na Entebbe, Ziwa Viktoria letu hilihili. Sampuli kama hiyo ipelekwe maabara ya rejea (inayothibitisha matokeo ya maabara nyingine), Padova kule Italia kwa mfano. Na zile sampuli za majaribio zinazoletwa kutoka nje kuwapima ninyi, mpeni fundi yeyote wa zamu. Maabara nyingi humpa yule hodari peke yake, wanapata alama nzuri, na Jumatatu anayepima ni mwingine.

Pipeti_Ndogo:
Asante mzee, asante dada. Nimeangalia, chanya yetu ni 17! Naizimua kwa maji?

Mzee wa Friza:
Maji hapana, RNA ikiwa chache itaoza na kunata kwenye plastiki. Tumia bafa yenye RNA ya kubebea (RNA nyingine isiyo ya kirusi, ya kuilinda ile chache), gawa kwenye vichupa vya kutumika mara moja, andika tarehe. Na hiyo kazi ifanyie chumba kingine.