Tupeane uzoefu: mtandao ulipozimwa, wewe ulikwama wapi?

Mama Viatu Kkoo: Wakuu, habari za usiku. Jana huku kwetu mtandao ulikata kama saa nzima, mnara tu ulikuwa na hitilafu, lakini mikono ilinitetemeka. Nilirudi palepale kwenye ile Jumatano ya Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mtandao ulipozimwa Tanzania nzima. Asubuhi nilikuwa nimepokea oda tatu, mchana kila kitu kikaganda. Mteja wangu wa Mbeya alishanitumia 45,000 tangu Jumanne na mzigo nilikuwa nao ndani. Namba yake ya kawaida sina, tunawasiliana Instagram tu. Siku zote zile alijua nimemtapeli. Mtandao uliporudi Jumatatu nikakuta ameniandikia "Mungu anakuona". Nililia. Wewe ulikwama wapi?

Kitochi Hakifi: Mada imenigusa. Nipo nasoma.

Mwana wa Goma: Mi niko Goma, Kongo, huku tulianza zamani. Desemba 31, 2018, baada ya uchaguzi, walikata intaneti nchi nzima, ikarudi karibu siku 20 baadaye. Wenye laini ya Rwanda walikuwa wanasogea karibu na mpaka kutafuta mtandao wa Gisenyi. Unaona watu wazima wamesimama kandokando ya barabara, simu juu, kila mtu anatafuta habari ya ndugu yake wa Kinshasa. Mi nilikuwa mmoja wao, mvua inaninyeshea.

Muuza Mitumba Gikomba: Poleni. Huku Kenya tulifungiwa Telegram wakati wa mtihani wa KCSE, Novemba 2023, halafu 2024 tena. Walisema ni kuzuia wizi wa mtihani. Sasa mimi na marobota yangu tuliiba mtihani gani? Wateja wangu wote wako kwa hiyo chaneli.

Kaka wa Ilemela: Naomba nipingane nanyi kwa heshima. Nina watoto watatu na siku zile nilichotaka ni utulivu. Kuna watu walikuwa wanachukua video za nchi nyingine wanasema ni hapa kwetu. Uongo wa aina hiyo unaua. Siku chache bila mtandao si bei kubwa kulinda roho za watu.

Mwanasheria Mtoro: Kaka wa Ilemela, uongo una dawa yake, na dawa hiyo haiwezi kuwa kuwafumba macho watu wote. Togo walizima mtandao Septemba 2017 wakati wa maandamano. Mashirika na mwandishi wa habari mmoja wakaenda Mahakama ya ECOWAS, ile jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, na Juni 25, 2020 mahakama ikasema serikali ilivunja haki ya kujieleza, na ikaamuru walalamikaji walipwe fidia. Hoja ya usalama ililetwa pale pia. Ilishindwa, kwa sababu hakukuwa na sheria ya ndani iliyoruhusu kuzima.

Kaka wa Ilemela: Togo si Tanzania.

Mwanasheria Mtoro: Na binadamu wa Togo si binadamu?

Kaka wa Ilemela: Usinibadilishie maneno. Nimesema hali zinatofautiana.

Binti Makorora: Kaka wa Ilemela, sikugombezi, ila nisikilize. Sijawahi kuandika hili popote.

Mdogo wangu ni fundi aluminiamu. Anaishi Mbagala, siku ile alikuwa kazini upande wa Kimara. Jumatano jioni aliniambia "dada, huku kumechafuka", simu ikakatika. Haikupatikana tena. Alhamisi asubuhi kijana mmoja wa mtaani kwetu aliyeko Dar akapiga simu ya kawaida. Anasema ameona mtu amelala Ubungo, fulana ya kijani, mwili kama wa mdogo wetu. Nikamwambia nitumie picha. Akanyamaza, akasema, "Dada, picha naitumaje?"

Hapo ndipo nilipoelewa maana ya kuzimiwa mtandao.

Habari ilishafika kwa mama kabla sijajua namwambiaje. Kufika adhuhuri majirani wameleta mikeka, turubai limefungwa, kahawa iko jikoni. Shehe akaja, akatuuliza nani amemuona kwa macho yake na kumtambua. Hakuna. Akasema hawezi kumsalia mtu bila yakini, tusubiri. Tukasubiri tukiwa tumekaa matanga ya mtu ambaye hatujui kama amekufa. Mama hakula. Kila aliyekuja alikuja na habari yake: mara yuko hospitali, mara kashikiliwa, mara kuna aliyemuona Morogoro. Uongo haukuzimwa, kaka yangu. Ulitembea kwa miguu, na hatukuwa na chochote cha kuupima.

Jumatatu Novemba 3, alasiri, simu yangu ikaanza kulia mfululizo. Katikati ya meseji zote ikaingia ya mdogo wangu, Facebook. Naikumbuka neno kwa neno: "Dada ni mimi. Simu ilinidondoka nikikimbia, mguu umeteguka. Sina namba ya mtu hata mmoja kichwani. Niko kwa mzee mmoja huku Kimara ananilisha. Mwambie mama."

Siku tano alikaa na simu ya yule mzee mkononi. Simu za kawaida zinaita, sisi tunapatikana, hajui abonyeze namba gani. Alikuwa anasubiri mtandao urudi aingie kwenye akaunti yake.

Kitochi Hakifi: Dah. Pole sana dada. Mikono imenifa ganzi.

Mama Viatu Kkoo: Ya Rabi. Mimi nalia na viatu.

Kaka wa Ilemela: Pole sana dada yangu. Hilo sikulifikiria. Bado naamini uongo lazima uzuiwe, ila sitasema tena kwamba bei ilikuwa ndogo.

Dereva wa Masafa: Wakuu, wekeni VPN, ile programu ya kupita pale mtandao ulipofungwa, kwenye simu kabla, siyo siku yenyewe.

Mwanasheria Mtoro: Angalieni. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ilitoa tangazo kwamba wanaotumia VPN wajisajili. Msije mkaambiana weka tu.

Fundi Simu Sinza: Na VPN inasaidia pale ambapo wamefunga mtandao mmojammoja, kama X ilivyofungwa Mei 2025. Wakizima wote haina kazi. Ni kubadilisha gari wakati daraja limebomolewa. Ushauri wangu: namba tano za nyumbani zikae kichwani. Mtoto wa darasa la tatu azijue.

Shangazi wa Muscat: Kichwani zinapotea ukiwa na hofu. Ziandikeni. Mimi nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito nyuma ya mlango wa jiko, na nyingine ziko ndani ya jalada la msahafu. Sisi wa nje tuliteseka vingine: kupiga simu kutoka Oman bila WhatsApp, salio linaisha kabla hamjamaliza kusalimiana.

Dereva wa Masafa: Mimi nimechora ya mke wangu kwenye bodi ya lori, ndani ya mlango. Redio pia msizitupe.

Mama Viatu Kkoo: Wa Mbeya nilimtumia viatu na jozi ya mtoto juu yake. Alinipigia kuomba radhi. Sasa ninayo namba yake, nimeiandika kwenye daftari. Binti Makorora, na lile turubai?

Binti Makorora: Mama alikataa lifunguliwe mpaka amuone kwa macho. Mdogo wangu alifika Jumatano na basi, anachechemea, amevaa shati la yule mzee. Mama alimshika uso, kisha akamvua kiatu autazame mguu. Baada ya hapo ndipo akawaambia vijana wafungue kamba.