Utafiti kwenye ucheshi: mnafanyaje usigeuke somo?

Swali: Mpenda Vibwagizo

Waandishi wenzangu, habari zenu. Nina miaka 6 naandika visa vifupi vya kuchekesha. Zamani nilitegemea kichwa tu, hadi nikaona visa vyangu vimekuwa ndugu wa tumbo moja: bosi mkali, jirani mbea, mume mlafi. Nikaamua niwe nasoma kwanza.

Kisa cha majuzi ni cha twiga aliyekwenda kwa daktari kwa maumivu ya shingo. Nilisoma usiku kucha. Kumbe shingo ya twiga ina pingili 7 tu, sawa na yetu, ila kila moja ni ndefu ajabu! Shinikizo la damu yake ni karibu maradufu ya letu, na mishipa ya shingoni ina vali zinazozuia damu isirudi kichwani akiinama kunywa maji. Nikayamwaga yote kwenye kisa. Dada yangu alipomaliza kusoma akasema, "Mdogo wangu, nimejifunza mengi." Hakucheka hata mara moja. Nimeumia, kwa sababu kisa hiki nakipenda. Nipunguze nini?

Jibu: Kalamu Mbichi

Pole. Jiulize: kati ya hayo, lipi lilikuchekesha wewe mwenyewe? Sisemi lililokushangaza. Mimi zimenichekesha zile pingili 7. Namwona daktari anahesabu kwenye picha ya eksirei, anarudia, kisha anajipapasa shingo yake. Mengine mpe mhusika anayeyahitaji, ayaseme kwa sababu ana shida. Msimulizi akianza kueleza vali, tayari tuko darasani.

Jibu: Msomaji wa Kumbukumbu

Naongeza jambo moja. Kuna mambo ambayo ukiyatia chumvi unayaharibu. Mwaka 1932 huko Australia Magharibi, wakulima wa ngano walivamiwa na emu wapatao 20,000, wale ndege warefu wanaofanana na mbuni. Serikali ikapeleka askari wenye bunduki 2 za rashasha na risasi 10,000. Emu wakatawanyika makundi makundi, wakakimbia. Bunduki ikakwama. Ikafungwa juu ya lori, lori likarukaruka mashambani hata mpigaji akashindwa kulenga. Askari wakaondolewa, emu wakabaki.

Niliwahi kuandika habari hii nikawapa emu jenerali na kofia, ikapooza kabisa. Nilipoondoa kofia nikaacha tarakimu zijisemee, watu walicheka. Kwa hiyo mimi hutafuta tarakimu, tarehe na jina kamili la kifaa. "Silaha nyingi" haichekeshi mtu. Risasi 10,000 kwa ajili ya ndege, hapo msomaji anasimama.

Jibu: Bi. Randa

Jamani, msisahau masikio. Nilipotaka kuandika kisa cha seremala nilikaa karakanani siku 2 na daftari. Nilikwenda nikidhani kichekesho kitakuwa nyundo na kidole. Nikamsikia fundi aliyekata vibaya akisema, "Ubao umepungua." Sentensi hiyo nisingeitunga hata kwa mwaka mzima, na ndiyo iliyobeba kisa chote.

Tena hakikisheni vifaa. Rasimu yangu ilisema fundi anatoboa tundu la skrubu kwa patasi. Mwenye kuijua keekee, chombo chenyewe cha kutobolea, angeacha kucheka papo hapo, na yeye ndiye niliyemwandikia.

Mpenda Vibwagizo

Asanteni sana. Nimekiandika upya leo. Pingili 7 zimebaki, pamoja na daktari kujipapasa shingo. Shinikizo la damu nimelifuta. Vali sikuweza kuziacha, nazipenda mno, basi nikampa twiga mwenyewe. Anainama kutia saini fomu, daktari anaruka kumshika kichwa asizimie, twiga anamwambia kwa upole, "Niachie, daktari. Nina vali."

Dada amecheka hapo. Akairudia kwa sauti jikoni.