Hydra, Symi au Mji Mkongwe wa Rhodes: tulale jumba lipi la kale?

Mpwani_Hamburg
Wakuu, natakiwa kulipia wiki hii. Tunakwenda Ugiriki siku tano, na nataka hoteli ndogo iliyo ndani ya jumba la kale lililokarabatiwa, ghorofa jipya sitaki. Zimebaki tatu, kila moja kisiwa chake: Hydra, Symi na Rhodes ndani ya ngome. Bei zinakaribiana. Nishaurini.

BintiTanga
Mwezi gani? Na "tunakwenda" ni wewe na nani?

FundiChokaa
Hydra, bila kufikiri mara mbili. Magari hakuna, mizigo inabebwa na punda na nyumbu, na boti ya kasi kutoka Piraeus, bandari ya Athens, ni kama saa mbili tu. Majumba ya matajiri wa meli yale, mawe matupu, kuta nene. Mchana jua kali nje, ndani ubaridi. Ila waulize kuta zimepigwa chokaa au saruji. Saruji juu ya jiwe la kale inafungia unyevu, chumvi inatoka na rangi inabanduka.

MamaNuru
Symi niulizeni mimi. Tulikwenda na mama mkwe. Tangazo lilisema dakika tano kutoka bandarini, kumbe ni dakika tano za kupanda ngazi! Kali Strata, ile njia ya ngazi, ina vidato mamia, na sisi tuna masanduku matatu. Mama alikaa chini mara nne njiani, mara ya mwisho akawa analia. Kufika, kitanda kiko juu ya jukwaa la mbao, unakipanda kwa ngazi nyembamba isiyo na pa kushika. Akalala kwenye kochi siku zote tatu. Nikaomba chumba cha chini, nikajibiwa hakuna, na fedha hairudi. Mji wenyewe mzuri mno, nyumba za njano zimepandana mlimani, lakini mimi nikiuona pichani nakumbuka magoti ya mama.

Shangani88
Rhodes. Urithi wa dunia tangu 1988. Watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana walitawala 1309 hadi 1522, wakaja Waosmani, kwa hiyo nyumba moja ina tao la mawe la watawa na roshani ya mbao ya Waosmani. Njia za kokoto tu ndizo zinazoua magurudumu ya sanduku.

LamuDamu
Punda na vichochoro si vipo Lamu? Fedha hiyo ileteni nyumbani.

FundiChokaa
Kaka, kuona kwa wenzetu si kudharau kwetu.

Mpwani_Hamburg
Samahani, nilisahau. Agosti, mimi, mke wangu na mama. Ana miaka 71, goti moja bovu.

BintiTanga
Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kusema! Agosti upepo wa meltemi unaweza kuzuia boti, na karibu na tarehe 15, sikukuu ya Bikira Maria, feri zinajaa. Mama huyo Symi asipelekwe.

Mpwani_Hamburg
Safari yenyewe mama ndiye aliyeiomba. Nyumba ya bibi yetu Mkunazini, Zanzibar, dari imeanguka, ndugu wanataka iuzwe, yeye hataki. Anataka aone wenzetu wanavyozifanya zikalika tena. Nimewaandikia Hydra na Rhodes, nimewauliza idadi ya vidato hadi kitandani.

FundiChokaa
Boriti za hiyo dari ni za mkoko? Zimeoza kwenye ncha tu, au katikati pia? Weka picha.

LamuDamu
Weka na za ukuta wa nje. Nina fundi huku, mzee, anajua hizo kazi.