Ushauri: Ninataka baa yenye mimea hai ya ndani hapa Dodoma, nianzie wapi?

Kaunta ya Ilazo (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu. Nimepanga ukumbi Ilazo, hapa Dodoma, na ninaukarabati uwe baa ya watu kukaa kwa utulivu. Ninatamani kuupamba kwa mimea hai: kaunta iliyozungukwa na majani, ukuta mmoja wa kijani, na vyungu vinavyoning'inia juu ya meza. Ukumbi una urefu wa mita 12 na upana wa mita 7. Madirisha mawili makubwa yanatazama magharibi, na kaskazini kuna kidirisha kimoja kinachokingwa na paa la baraza. Dari ni la jipsamu. Jiko la nyama choma lipo uani, upande wa mashariki, na upepo wetu hutoka huko huko kwa sehemu kubwa ya mwaka.

Muuza maua mmoja wa kando ya barabara amenishauri nichukue areka (mitende midogo ya mapambo) nyingi kwa mkupuo. Kabla sijatoa fedha, naomba kujua ni mimea gani itakayovumilia kiangazi chetu, giza la baa na maji yetu yenye chumvi. Naomba pia ushauri wa mpangilio, kwa kuwa sitaki mteja ahisi amekaa kitaluni.

Mtunza Vitalu

Mkuu, hongera kwa wazo hili. Areka iache kwanza. Inapenda mwanga mwingi na hewa yenye unyevu, na kwetu, ambako mvua hukatika Aprili na kurudi karibu na Desemba, ncha za majani yake huwa kahawia kiangazi kikikolea, hasa inapomwagiliwa maji ya chumvi.

Anza na mwanga wa mchana, maana taa hafifu za usiku zinamfaa mteja lakini hazilishi mmea. Saa sita mchana zima taa zote, weka karatasi nyeupe mahali unapotaka chungu kikae, kisha nyoosha mkono juu yake kiasi cha futi moja. Kivuli kikiwa na ukingo wa wazi, mimea mingi itaishi hapo. Kikiwa hafifu ila kinaonekana, weka mimea inayovumilia giza. Kisipoonekana kabisa, basi papatie taa nyeupe ya LED itakayowaka kwa muda wa takriban saa 12 kila siku, au paache bila mmea.

Madirisha yako ya magharibi ndiyo hazina yako, ingawa jua la alasiri huunguza majani yaliyogusana na kioo, kwa hiyo tundika pazia jepesi. Kidirisha cha kaskazini kingekufaa sana katikati ya mwaka, kwa sababu Dodoma ipo takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta na mwezi Juni jua la mchana hupita upande wa kaskazini, lakini baraza limekwisha kulizuia.

Kwa sehemu zenye giza ningechagua zamiokulkasi, mmea wa majani mazito yanayong'aa, ambao asili yake ni ukanda wetu huu, kuanzia Kenya hadi Afrika Kusini, na huhifadhi maji katika viazi vilivyo chini ya udongo. Ifuatie sansevieria, ile yenye majani marefu yaliyosimama kama panga, kisha moniplanti ya kutambaa. Usidanganyike kwamba kila mmea wa asili ya Tanzania utakufaa: saintpaulia, yale maua madogo ya milima ya Usambara, zimezoea ukungu na kivuli chenye unyevu, na hapa zitakuhangaisha bure.

Ndugu Mtulivu

Kwa nini usiweke ya plastiki tu? Haihitaji maji.

Mpambaji wa Kumbi

Ndugu Mtulivu, kwa vumbi la Dodoma majani ya plastiki nayo yatahitaji kufutwa kila mara, na yakishachakaa hayachipui mengine. Mimi ningebaki na mimea hai.

Kaka wa Ilazo, usitawanye vyungu vidogo ukumbi mzima. Tengeneza makundi matatu makubwa: moja mlangoni, moja kwenye pembe iliyo karibu na madirisha, na moja mwisho wa kaunta, kila kundi likiwa na mmea mrefu nyuma, wa kimo cha kati mbele yake, na wa kutambaa ukingoni. Katikati acha wazi, na njia ya wahudumu isipungue mita moja, kwani jani linalomgusa mtu begani kila anapopita na trei hukatika ndani ya wiki.

Ukuta hai wenye pampu na mabomba utakuletea unyevu ukutani na mafundi kila mwezi. Funga wavu wa chuma sentimita chache mbali na ukuta, kisha elekeza moniplanti ipande juu yake kutoka kwenye masanduku ya sakafuni. Kuhusu vyungu vya kuning'inia, jipsamu haibebi chochote: chungu cha lita 10 chenye udongo uliolowa huweza kufika kilo 15, hivyo ndoano lazima zishike mbao au vyuma vya paa. Tena usivining'inize juu ya meza, kwa sababu vitadondosha maji kwenye chakula. Vipeleke juu ya masanduku ya mimea.

Taa za mimea na taa za wateja ziwe na swichi tofauti. Usiku washa za manjano zilizowekwa chini, nyuma ya majani, ili vivuli vipande ukutani. Ukifanya hilo peke yake, ukumbi utabadilika kuliko utakavyobadilishwa na vyungu ishirini vya ziada.

Afya Mtaani

Ninaongeza mawili. Maji yanayotuama kwenye sahani za chini ya vyungu ni mazalia ya mbu aina ya Aedes, ambao hueneza homa ya dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019. Sahani zimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki. Pili, ukinunua difenbachia, mmea wa mapambo wenye majani makubwa ya madoa, isikae karibu na watoto, kwa sababu utomvu wake huvimbisha mdomo na ulimi. Moniplanti nayo huwasha, kwa hiyo mhudumu asichume jani lake kupambia glasi.

Kaunta ya Ilazo

Nawashukuru sana, areka nimeziahirisha. Yamebaki maswali mawili: maji ya bomba yanaacha ukoko mweupe juu ya udongo, nifanyeje? Na je, mzabibu, ambao ndio fahari ya Dodoma, unaweza kukua ndani ya ukumbi?

Mtunza Vitalu

Ukoko huo ni madini, kwa kuwa maji ya bomba hapa kwetu hutoka visimani kwa sehemu kubwa. Kinga maji ya mvua kwenye tangi kuanzia Desemba, na mara moja moja mwagilia kwa wingi hadi maji yatoke chini ya chungu, ili chumvi isombwe. Mmwagiliaji awe mtu mmoja, naye atie kidole udongoni kwanza: akikuta unyevu, aache, maana mimea ya ndani hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu. Udongo ufunikwe kwa kokoto, wateja wasimwagie bia wala kuzimia sigara humo. Majani yafutwe kwa kitambaa kibichi, kwa kuwa vumbi na moshi wa jiko huyanyima mwanga, na utitiri hupenda jani kavu lenye vumbi.

Mzabibu hautafaa ndani, kwa kuwa unataka jua kamili. Uupande nje ya madirisha ya magharibi, kwenye kichanja cha mbao kilicho mbali kidogo na ukuta. Majani yake yatapunguza ukali wa jua la alasiri na kuingiza mwanga uliochujwa, ambao mimea ya ndani inaupenda. Fahamu tu kwamba msimu wa kwanza hautafunika dirisha, na kila ukipogolewa hubaki mtupu kwa wiki kadhaa, hivyo lile pazia jepesi usiliondoe.